Wasifu wa Mjomba na Ndoo ya Mayai

Mimi ni mtu wa kushuku. Mama husema nilipozaliwa nilimkagua mkunga kwanza, ndipo nikalia. Kwa hiyo mwenyekiti wa kamati ya mazishi aliponiletea wasifu wa mjomba niusome makaburini, eti "wewe ni mwalimu, sauti unayo," sikumshukuru. Niliusoma palepale barazani, kalamu mkononi, kama ninasahihisha mtihani.

Mengi yalikuwa kweli. Alianza kazi akiwa afisa kilimo hapa Kilosa, akizunguka Masanze na Mvumi kwa baiskeli ya serikali, na matope yakizidi aliibeba yeye. Akasoma, akapanda, akawa mmoja wa viongozi wa chuo kikuu kule Morogoro. Alipostaafu hakuondoka hata na kiti cha ofisi. Hayo sikubishana nayo. Ila ukurasa wa pili palikuwa na sentensi hii: "Marehemu hakuwahi kutumia cheo chake kwa ndugu yake yeyote." Nikaizungushia duara. Ehe, nikasema moyoni, hapo ndipo.

Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye mwenye mtoto. Nilipomaliza kidato cha sita nilifaulu, nikaomba chuo cha mjomba, nisomee udaktari wa mifugo. Majina yalipobandikwa, langu halikuwepo. La rafiki yangu, niliyekuwa nikimfundisha baiolojia kila jioni, lilikuwepo. Jumapili iliyofuata mjomba akaja nyumbani na doti ya kanga, yeye ambaye hajawahi kuninunulia hata peni. "Utaomba tena mwakani, mama," akaniambia, na hakunitazama. Nikajiuliza, kanga ya nini?

Majirani wakamaliza maneno. Kama mjomba wake yuko kulekule na bado ameachwa, basi kichwani hamna kitu. Mama aliyasikia, akaacha hata kukaa na wenzake kisimani. Mimi nikabaki na swali. Ama sikutosha, ama kuna mkono wa mtu. Zaidi ya miaka ishirini nimefundisha watoto wa watu bila kujua ni lipi.

Mwaka ule nilikwenda kukaa Mikumi kwa mama mdogo, nikauza mayai ya kuchemsha kwa abiria wa mabasi ya Iringa na Mbeya. Karibu kila mwezi alikuja mwanamume mmoja mwenye kaunda suti, akanunua ndoo nzima. Ndoo nzima, jamani! Hakumenya hata moja. Nikajua huyu ama tapeli, ama anatafuta mke kupitia mayai. Siku moja nikamwambia wazi: "Kaka, nauza mayai, mimi siuzwi." Alicheka mpaka akashika kiuno, kisha akabeba mzigo wake hadi kwenye gari lililoegeshwa mbali, vioo vimepandishwa juu. Hilo gari nalo nililitilia shaka. Mama mdogo akanigombeza, "We mtoto, hata mteja unamshuku?" Mwaka uliofuata sikuomba tena chuo cha mjomba. Nikaenda ualimu.

Sasa makaburini. Misiba ya kwetu ina watani, na watani hawaji kulia. Wanazuia jeneza, wanavaa nguo za marehemu na kumwigiza, wanasema yasiyosemwa, nawe huruhusiwi kukasirika; ukikasirika, mkosaji ni wewe. Mtani mkubwa wa mjomba alikuwa mzee mmoja wa Masanze, dereva wake wa miaka yote ya chuoni, niliyekuwa nikimsikia kwa jina tu. Alitokea amevaa koti la kijivu la mjomba, miwani yake puani, akaburuta kiti hadi kando ya kaburi, akakohoa kile kikohozi chake cha kuanzisha kikao. Watu wakaanza kuvunjika mbavu.

"Lete hiyo orodha nisaini," akaniambia, akaninyang'anya wasifu na kalamu. Akawa anapitisha kidole. "Huyu apite. Huyu apite. Huyu wa kwanza kwa alama, apite... Ala! Si mpwa wangu huyu? Dereva, watasemaje? Watasema bwana mkubwa amembeba mpwa wake. Hapana, hapana, jina langu litachafuka." Akachora mstari mrefu kukata karatasi yangu.

Watu walicheka. Mimi sikucheka. Mama, aliyeketi mkekani mbele kabisa, aliacha kujipepea.

Mzee hakuishia hapo. Akajikunyata kitini kama aliyejificha ndani ya gari, leso machoni. "Shuka ukanunue yote, yote! Usimwambie nipo. Amekonda? Amecheka leo?" Kisha akageuza sauti ikawa yake mwenyewe: "Na mayai hali! Walinzi wa chuo kizima walinenepa kwa mayai ya Mikumi!" Vicheko vikazidi. Akavua miwani, na hapo nikamwona yule wa kaunda suti, amezeeka tu.

Nikamsogelea. "Shikamoo."

"Marahaba, mwalimu. Bado unaniogopa?" Akanirudishia karatasi, akashusha sauti. "Aliniagiza mwenyewe. Alisema, nikifa wewe ndiye useme, maana wewe ni mtani, mpwa wangu hawezi kukukasirikia."

Mjanja yule! Hata ungamo lake alilipitisha mlango ambao nisingeweza kuufunga. Niliona uchungu, nikaona na huruma, vyote kwa pamoja, na hasira juu yake. Alikuwa mtu safi kweli, mjomba wangu, lakini usafi wake aliufua kwa maji yangu.

Nikaitwa kusoma. Nikasoma baiskeli, nikasoma Masanze na Mvumi, nikasoma Morogoro. Ukurasa wa pili nikafika kwenye duara langu, mstari wa mzee umepita juu yake. "Marehemu hakuwahi kutumia cheo chake kwa ndugu yake yeyote," nikasoma. Nikakunja karatasi. "Isipokuwa mara moja, kwangu. Alilikata jina langu. Nilikuwa wa kwanza kwa alama."

Mwenyekiti wa kamati akanikodolea macho. Nikamtazama mama, dada wa marehemu, mwanamke aliyezika maneno ya majirani miaka yote hiyo. Aliinuka taratibu, akajifunga kanga kiunoni, akapiga kigelegele. Msibani, kaburi likiwa wazi! Wanawake wakamvuta nguo akae, akina mama wa kanisa wakamwambia shii. Hakukaa. Alimgeukia kaka yake ndani ya jeneza, akapiga kingine.