Lugha ya Wafumaji

Mvua ilianza saa tisa na robo alasiri, tulipokuwa tukishuka mlima kuingia mji wa kwanza wenye viwanda vya zamani. Yalikuwa majira ya majani kupukutika, kaskazini mwa Uingereza. Familia niliyoiendeshea gari Doha ilinileta huko nimpeleke Madamu kumwona mwanawe chuoni. Mji baada ya mji niliona kuta nyeusi za matofali, mabomba marefu yasiyotoa moshi, madirisha yaliyozibwa kwa mbao.

"Mbona umenyamaza, dereva? Umeona jini?"

"Nimeona kwetu, Madamu."

Akacheka sana.

Wewe unayesoma, usicheke. Nililelewa kando ya kiwanda cha nguo nchini Kenya, na king'ora chake ndicho kilichotuamsha. Mama alikuwa mfumaji. Alirudi na nyuzi za pamba kwenye nywele, ananuka mafuta ya mashine, akabandika githeri kabla hata ya kuketi. Kelele za mitambo ziliwafundisha wafumaji kusemezana kwa midomo tu, bila sauti, na sisi watoto tukaokota lugha hiyo kwao. Kanisani Mama aligeuka kutoka benchi la mbele akanigombeza, na hakuna mwingine aliyejua: "Kaa vizuri! Na hizo kamasi?"

Kelele hizohizo zilimharibu masikio. Nilipohamia Doha, simu haikutufaa. Jirani aliishika yeye, kisha akaniambia, "Mama yako hasikii kitu. Anauliza utarudi lini." Miaka mingi nilizungumza na jirani.

Katika mji wa tatu tuliingia mkahawani. Wanawake wawili wazee walikaa mmoja huku, mwingine kule, wakipiga soga kwa midomo mitupu juu ya vichwa vya watu. Maneno yao sikuyajua, lakini midomo ile niliijua. Chai ilipoa mkononi mwangu. Nilichokosa miaka yote ile kilikuwa uso wa mama yangu.

Niliporudi Doha, chumbani kwangu mtaa wa Najma, nilimtumia Mama simu yenye kamera. Ijumaa ya kwanza baada ya kuipata, jirani alimwelekezea kamera usoni. Mama akakodoa macho, akaanza.

"Buda, washa sauti basi!" mwenzangu wa chumbani akasema.

"Ya nini? Ananiambia nimekonda."

Tulizungumza hivyo kila Ijumaa mpaka alipofariki. Kiwanda kilishafungwa, na wafumaji wenzake wamekwisha mmoja mmoja. Siku hizi, nikisubiri kwenye taa nyekundu, midomo yangu huanza yenyewe. Dereva wa gari la pembeni hunitazama kidogo, kisha hutazama mbele.