Kamba Imelegea, Sauti Haisikiki

Saa tatu asubuhi. Mama Kamba amepiga magoti kwenye ukingo wa shimo, kiganja juu ya kamba. Kamba imelegea. Ama bintiye ameshafika chini, ama ameanguka.

"Bado," anawaambia wageni waliovaa kofia ngumu na taa za kichwani. "Hashuki mtu."

Wapenda mapango wana lugha yao. Shimo la wima kama hili wanaliita kisima. Njia nyembamba ya kutambaa kwa tumbo, koo. Lakini neno wanaloliheshimu kuliko yote ni "Kamba huru!" Anayefika chini hujitoa kwenye kamba, husogea kando mawe yasimpate, kisha hulitamka kwa sauti kubwa. Asipolisema, hakuna wa kumfuata.

Leo halijasikika.

Kwa miaka mingi Mama Kamba aliongoza wageni humo ndani, hadi goti likamgomea. Siku hizi hukaa juu, akifunga kamba na kuchungulia mawingu, maana mvua ikinyesha mlimani koo hujaa maji. Na leo ndiyo mara ya kwanza bintiye anaongoza.

"Huku juu ndiko kugumu," anasema. "Nilipokuwa nashuka, niliogopa kwa ajili yangu tu."

Anapuliza filimbi. Unajibu mwangwi tu. Mgeni mmoja anatania kwamba huenda binti kapitiwa na usingizi. Hacheki mtu, hata yeye mwenyewe.

Mama Kamba anavuta mkanda wa akiba na kuanza kujifunga kiunoni.

"Na goti, mama?" anauliza mgeni.

"Tutajuana nalo huko huko."

Mguu mmoja umeshavuka ukingo ndipo sauti inapopanda kutoka gizani. "Mama! Kamba huru! Nisamehe, nilikimbilia kuangalia maji kwenye koo, nikasahau!"

"Usahau jina lako, si hilo!" anafoka. Kisha anakaa chini kama mzigo. Mgeni ndiye anayemfungua mkanda.

Wageni wanashuka mmoja mmoja, na kila mmoja anapaza sauti kupita kiasi.

Mgeni wa mwisho anapomuuliza, kabla ya kushuka, anatamani nini, Mama Kamba hafikirii sana. "Nikae nyumbani, nipike, nisijue kabisa binti yangu kaingia pangoni saa ngapi."

Ataweza?

"Siwezi," anasema, jicho kwenye mawingu. "Si umeniuliza ninachotamani?"