Fyuzi Niliyoiziba Mdomo

Nakumbuka siku moja ambayo nusura nimuunguze mtu, mwanangu, na sioni haya kukusimulia. Nilikuwa kijana, fundi umeme wa magari hapa Kwa Mathias. Shule niliishia darasa la nne. Mkono ulikuwa mwepesi, mdomo mwepesi zaidi.

Dereva mmoja wa mashindano, Hamisi, aliniletea gari lake kuukuu alilolichonga mwenyewe. Alitaka nyaya zote zing'olewe, zifungwe mpya, maana Jumapili anakimbia njia ya Maneromango. Mzee Pazi, aliyenifundisha kazi, akaniambia kila waya niufunge uzi wa rangi yake: mwekundu wa taa, wa kijani wa pampu ya petroli. Hakujua kusoma, nyuzi ndizo zilikuwa maandishi yake. Nikacheka. Nikamwambia ramani ninayo kichwani.

Jumamosi fyuzi ya pampu ikawa inakatika. Naweka nyingine, inakatika. Nikachungulia nyaya zangu, zote nyeusi kama familia ya kunguru, sikujua upi ni upi. Kuuliza si ujinga, lakini mimi niliona aibu. Nikaizungushia fyuzi ile karatasi inayong'aa ya pakiti ya sigara, umeme upite hata ikikatika. Gari likanguruma. Tukaondoka kulijaribu, mimi kando ya Hamisi.

Tulipofika Kibuta, moshi ukafumuka chini ya dashibodi, kisha moto. Hamisi amefungwa mikanda, hafunguki. Nikaruka, nikachomoa waya wa betri kwa mikono mitupu. Wakulima wakaja na mchanga. Moto ukazimwa, Hamisi akafunguliwa, akatoka mzima, mkono umebabuka. Mashindano yakampita.

Mzee Pazi alipoiona karatasi ile akaniamkia yeye.

"Shikamoo, injinia."

Nikainama.

"Fyuzi ilikuwa inakusemesha, mjinga wewe. Umeiziba mdomo. Ng'oa zote."

Niling'oa zote. Safari hii nikafunga nyuzi, na kwenye nyaya zile za zamani nikauona ugonjwa: waya wa pampu ulibanwa na bolti ya kiti, ukachunika. Kitu cha dakika kumi!

Gari lilipokuwa tayari, Hamisi akanitazama. "Panda. Likiungua, tuungue wote."

Nikapanda. Tulikwenda Maneromango tukarudi, vumbi mpaka kwenye meno, na fyuzi haikukatika. Mashindano yaliyofuata alimaliza. Hakushinda, lakini alimaliza, na kazi ya gari lake akaniachia mimi miaka yote.

Sasa sikia, mwanangu mwenye cheti na kompyuta ya kupimia. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kitu kikikatika mara mbili, kiulize kwa nini, usikilazimishe. Kazi yako iwekee alama, hata fundi mwingine aielewe. Na ukikosea, ng'oa, anza upya. Mimi nilianza upya, na nimejenga nyumba kwa mikono hii hii.

Mungu akupe jicho la kuona kosa lako kabla halijamfikia mwenzio, na kila utakayemkabidhi ufunguo afike kwake salama.