Kitasa cha Shaba na Mbu wa Jikoni

Nimewahi kupiga kelele hadi koo likakauka, mke wangu akiwa hatua saba kutoka nilipo, asisikie hata mnong'ono.

Si kwamba ni kiziwi. Kiziwi ni ukuta niliojenga mwenyewe.

Naitwa Tokuzo Hamanaka, wa Hamamatsu. Miaka arobaini nimekereza vyuma kiwandani, na sekondari nimesoma usiku nikiwa tayari baba wa watoto wawili. Nilipostaafu nikajijengea chumba cha muziki. Kuta nene, dirisha hakuna, mlango mzito kama wa chumba cha barafu. Uani nikasimamisha nguzo yangu binafsi ya umeme, ili friji ya mke wangu Fusae isinichafulie sauti.

Majirani walicheka. Nikawaambia mwenye sikio ataelewa.

Humo nilicheza muziki wa kidijitali wa ubora wa juu kabisa, faili la wimbo mmoja zito kuliko albamu nzima ya watu wengine. Mafaili yalikaa kwenye kompyuta ya koridoni, maana feni yake inavuma. Simu marufuku, mawimbi yake yanaharibu sauti. Na taa nyekundu ya mlangoni ikiwaka, Fusae habishi hodi, hata nyumba iungue. Hiyo ilikuwa sheria yangu.

Spika yake ya jikoni, ndogo kama kopo la majani ya chai, niliiita mbu.

Sasa, asubuhi moja ya Mei, Fusae alikuwa aondoke saa nne kwenda Nagasaki kwa dada yake, siku tano. Tuliagana tukinywa supu ya miso, nikaingia chumbani kwangu, nikawasha taa. Saa tatu na nusu nikataka kutoka nikameze dawa ya moyo.

Nikashika kitasa. Kikabaki mkononi.

Kitasa hicho nilikikereza mwenyewe, kwa shaba, kwa sababu kile cha chuma alicholeta fundi hakikuwa na mng'aro.

Nikagonga. Nikaita. Nikafungulia spika hadi kifua kikatetema. Wapi. Nikazima umeme na kuwasha, nikazima na kuwasha. Taa za jikoni zisingetikisika. Si nina nguzo yangu?

Saa nne kasoro dakika kumi na mbili. Mzee wa miaka sabini na sita, siku tano, nusu kikombe cha chai baridi.

Nikaketi mbele ya mashine ya muziki, nikawa nabonyeza rimoti ovyo tu. Kwenye kioo ikatokea orodha ambayo sikuwahi kuifungua, ya spika zote zilizounganishwa nyumbani. Zilikuwa mbili. Yangu, na ya jikoni.

Mbu.

Nikamtumia mbu wimbo wa kwanza nilioona, sauti ya mwisho. Ukacheza. Halafu ukazimwa.

Nikaurudisha. Ukazimwa tena. Nikaurudisha mara ya tatu.

Mlango ukafunguka. Fusae, koti mwilini, sanduku mkononi, uso umekunjamana.

"Wewe mzee, mimi nachelewa treni, wewe unanichezea kama mtoto?"

Nikamwonyesha kitasa. Akakitazama, akanitazama, akakaa juu ya sanduku taratibu. Kisha akaenda kuniletea dawa.

Nilipoimeza nikamuuliza tangu lini mbu wake anacheza nyimbo zangu. Akasema tangu mwaka jana, anasikiliza akikata vitunguu. Nikambishia: nyimbo nzito vile, kile kikopo kinaziwezaje?

"Zilikuwa zinakwamakwama. Nikamwita fundi wa kompyuta, akazipunguza zote uzito na ubora. Nikasema huyu na sikio lake atajua leo hii hii, nikakaa nangoja kugombezwa."

Akafunga vifungo vya koti.

"Bado nangoja."

Mwaka mzima. Mwaka mzima nimefumba macho mbele ya wageni, nikiwaeleza utamu ambao masikio yao hayaufikii.

Na lingine nililielewa treni yake ilipokwisha kuondoka: lau nyimbo zingebaki nzito, zingekwama jikoni asubuhi ile, na Fusae angeenda zake.

Kitasa sasa ni cha chuma, kile cha fundi. Taa nyekundu nimeing'oa.

Ndugu yangu, jenga ukuta wa unene unaoutaka. Lakini mwenzako usimnyime hodi.