Masizi Ukutani

Juzi nilipita kiwanja kimoja hapa Busia, upande wa Uganda, nikakuta wasichana wakicheza mpira wa wavu. Mmoja wao alikuwa mfupi kama nilivyokuwa mimi. Anaruka, mkono haufiki, anarudi nyuma, anaruka tena. Nilisimama pale na mzigo wangu wa nguo za kuuza kichwani hadi shingo ikaanza kuuma.

Nilikulia Osukuru, wilaya ya Tororo, kwa nyanya yangu, mama wa baba. Mwaka niliokuwa namaliza shule ya msingi tulisikia kwamba sekondari moja ya Busia inatafuta wasichana wa timu yake ya wavu, na watakaochaguliwa watasoma bure. Nyumbani hapakuwa na njia nyingine. Baba alishafariki, na nyanya alikuwa ameniambia bila kunizungusha kwamba baada ya mtihani nitabaki naye shambani. Mwalimu wetu wa michezo alinitazama toka juu hadi chini, akasema, "Mikono unayo. Kimo huna. Utaruka, au utabaki."

Basi nikaruka. Alfajiri nilimfungua mbuzi, nikaruka kwa kamba yake hadi pumzi ikaniishia. Nilikumbatia jiwe la kusagia, nikachuchumaa na kuinuka, kuchuchumaa na kuinuka. Nilipanda mlima kwa miguu yote miwili kama chura, vumbi la malori ya mawe likinijaa mdomoni. Jioni nilipaka vidole masizi ya chungu, nikaruka kando ya ukuta wa jikoni na kugusa juu kadiri nilivyoweza.

Mwanzoni alama zilipanda. Kisha zikarundikana mahali pamoja, halafu zikaanza kushuka. Nikaongeza mazoezi. Ugoko uliniuma hata nikilala. Kuna jioni niliruka huku nalia, vidole vikagusa chini ya alama ya juzi.

"Wewe naruka kila siku kama panzi," nyanya aliniambia kwa Kiswahili chake cha huko kwetu, akisonga ugali wa wimbi. "Huo mguu napona saa ngapi?"

Sikumsikiliza, mpaka mwalimu aliponiona nachechemea. "Ruka leo, kesho pumzika," akasema. "Na ukitua, kunja goti. Usianguke kama gunia." Nilimchukia, maana siku zilikuwa zinakwisha. Siku za kupumzika nilikaa kwenye kizingiti nikichambua simsim, ufuta wetu, roho juu, kana kwamba kila msichana wa Tororo alikuwa anaruka saa ile isipokuwa mimi. Lakini alama zikaanza kupanda tena, zikapita zote.

Siku ya kuchaguliwa, hapa Busia, niliruka kuliko nilivyowahi kuruka. Mkono mzima ulipita juu ya wavu, nikaupiga mpira, watu wakashangilia. Baadaye yakasomwa majina. Langu halikuwamo. Mwalimu alikwenda kuuliza, akarudi polepole.

"Wamekubali kwamba umeruka kuwapita wote," akasema. "Lakini wanachukua warefu. Wanasema mrefu atafundishwa kuruka, mfupi hatafundishwa kurefuka."

Nyanya alikuwa amepika mchicha wa simsim. Alinitazama usoni mara moja, akapakua. Kesho yake asubuhi alinikuta uani naruka, kamba ya mbuzi mkononi.

"Sasa nani naangalia?" akauliza kwa upole.

Nikaikunja kamba.

"Kuja tupalilie muhogo."

Nikaenda.

Nyanya hayupo tena. Nyumba ilianguka, na ule upande wa mlima nilioupanda kama chura umechimbwa, ukabaki shimo. Naishi, nauza nguo zangu, watoto wanakula. Lakini yule msichana wa kamba ya mbuzi simwoni popote ndani yangu. Sijawahi tena kutaka kitu kwa mwili mzima namna ile. Siku hizi nikikuta mtaro umejaa maji ya mvua, hata ukiwa mwembamba, natafuta mahali pa kuuzungukia.