Nilivyoitika Nkungu

Baba yangu ameanza kusahau. Mwezi uliopita aliniuliza mimi ni mtoto wa nani, na nilipomjibu akatabasamu kwa adabu, kama mgeni aliyepewa kiti. Binti yangu naye anataka majina ya mababu, na mimi nilikuwa nayajua mawili tu. Ndiyo maana nilikwenda Nkungu, alikozaliwa baba kabla familia haijakimbilia Kongo.

Saa moja asubuhi niliondoka nyumbani Gihundwe kwa pikipiki. Lami ilipoisha ukungu ukazidi, hata dereva akapunguza mwendo.

Saa tatu kasoro aliniacha njiapanda, nikapanda mlima kwa miguu. Hakuna aliyejua kwamba ninakuja. Nilipofika kwenye shamba la kahawa, sauti ya mwanamke ikaita kutoka ndani ya ukungu: "Rukundo."

"Naam," nikaitika.

Nikasikia jembe likianguka.

Nilimkuta amekaa chini, mikono masikioni: Maman Venansia, binamu ya baba, niliyemjua kwa kusikia tu. Nikamwambia mimi ni Rukundo, nikamtajia na jina la baba. Alinipapasa uso mzima kabla ya kusema.

"Rukundo ni ndugu mudogo ya papa yako. Wakati bote banakimbia, alikuwa na homa, bakamuacha kwetu. Papa yako akamuambia atarudi kumuchukua. Siku ya tatu mutoto akakufa." Akanionyesha rundo la mawe kati ya mibuni, mahali pamefagiliwa. "Kila asubuhi nikipita, namuitaka jina. Haitikaka hata siku moja."

Baba hakuwahi kuniambia kwamba jina langu lilikuwa na mwenyewe.

Mpaka saa saba alinitajia vizazi sita, simu ikirekodi. Kila alipofika kwenye jina lile alinitazama kwanza, kuhakikisha bado nimekaa pale.

"Enda muzuri," aliniaga. "Leo sitaita tena."

Jioni, nyumbani, nilimwekea baba sauti ile. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Alikuwa anaogopa ngurumo," akasema.

Hilo Maman Venansia hakuniambia. Nikawasha tena simu irekodi. Nilikwenda kutafuta majina, nikajifunza kwamba jina peke yake ni ganda. Lazima liende pamoja na kile mwenyewe alichokipenda au kukiogopa, na waulizwe wanaokumbuka wakiwa bado wanakumbuka.

Baba akanishika mkono. "Nilichelewa," akasema, na nilijua si mimi niliyekuwa nikiambiwa.