Sanduku la Swichi Mbili

Siku niliyostaafu, vijana wa kampuni yetu ya michezo ya video pale Nairobi waliniandalia keki yenye umbo la televisheni, kisha wakaniomba niwaambie kazi hii nilijifunzia wapi. Walitegemea nitaje chuo fulani cha ng'ambo. Nikawaambia nilijifunzia Juba, mtaa wa Hai Jalaba, katika chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa, na kwamba jambo la kwanza nililolifanya nikiwa kiongozi lilikuwa kosa. Walicheka kwa adabu, wakakata keki. Sikuwamalizia hadithi, na tangu siku hiyo imekuwa ikinikaa kooni.

Tulikuwa tumerudi kutoka Uganda amani ilipofika mwanzoni mwa miaka ya sabini, mimi na baba mdogo, yaani mdogo wake baba yangu. Vita vilikuwa vimeigawa familia yetu. Baba alibaki Juba, karani katika ofisi ya serikali, naye baba mdogo akavuka mpaka kwa miguu pamoja na nyanya, mama yao, na mimi mgongoni mwake, kwa kuwa mama yangu alikuwa ameshafariki. Nyanya alifia kule, akazikwa kule. Baba hakufika mazishini. Baba mdogo alisema kaka yake aliogopa kupoteza kiti cha ofisini. Baba alisema habari ya kifo ilimfikia wakati nyanya alikuwa ameshazikwa, na kwamba anayestahili kuulizwa ni yule aliyemtembeza mwanamke mzee porini siku tisa. Basi walirudi kuishi mji mmoja, mmoja mtaa wa Atlabara na mwingine Hai Jalaba, na kwa miaka sita hawakusalimiana.

Kilichoniuma si salamu. Kwetu ilikuwa lazima nyanya afanyiwe karama, ile karamu ya kumkumbuka marehemu na kumpumzisha, na wa kwanza kula ni wanawe, pamoja, kutoka sinia moja. Na watu wenye ugomvi hawali sinia moja, hilo halina mjadala. Kwa hiyo karama haikufanyika. Nyanya ndiye aliyenilea, akinitafunia mahindi ya kuchoma nilipokuwa sina meno ya mbele, na sasa alikaa huko aliko kama mgeni ambaye hajaambiwa karibu. Nilikuwa na hasira na wazee wote wawili, tena hasira ya kweli. Jirani zangu waliniambia niache: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Nilikuwa nimelima vya kutosha.

Baba mdogo alifanya kazi ya kupakua mizigo uwanja wa ndege. Huko akajuana na mhandisi mmoja, kawaja, yaani mzungu, aliyekuwa ameletewa televisheni na ndege ya Nairobi kabla hajaelewa kwamba Juba hakuna kituo cha televisheni hata kimoja. Pamoja nayo alikuwa na sanduku la plastiki, ukubwa wa Biblia ya kanisani, lenye swichi mbili za kuzungusha kama zile za kuongeza sauti ya redio. Ukiliunganisha na televisheni, vinatokea vijiti viwili vyeupe na nukta moja inayorushwa huku na huku, ti, ti, ti. Huo ndio mchezo wote. Mhandisi alipoondoka alimwachia baba mdogo vyote viwili, naye akaniachia mimi, kwa sababu kule Arua, Uganda, nilikuwa nimesomea ufundi kwa mtengenezaji wa redio. Akakodi kile chumba nyuma ya duka la vitambaa, watu waje walipie kucheza, akanitangaza meneja nikiwa na miaka ishirini na mitatu. Nilishona gauni jipya kwa ajili ya cheo hicho.

Wengi wa wateja wetu walikuwa hawajaona televisheni maishani. Mzee mmoja alikuja siku tatu mfululizo kuuliza mechi inachezwa nchi gani, na nilipomwambia inachezwa hapahapa chumbani aliniona mwongo. Mwingine alipofika Khartoum na kuona mtu anasoma habari katika televisheni, alirudi akatuambia za huko zimeharibika. Vijiti havionekani.

Lakini biashara ilikuwa na kasoro, na mimi nikiwa meneja niliiona mwezi wa kwanza. Swichi zote mbili zilikuwa juu ya sanduku lilelile, hivyo wachezaji walilazimika kukaa benchi moja, bega kwa bega, viwiko vikigusana. Na mji wetu ulikuwa umejaa watu wasiogusana. Waliobaki na waliokimbia, waliokuwa msituni na waliokuwa kambini, huyu anayeishi katika nyumba ya yule. Mtu angengoja zamu yake saa nzima, akishaona atakayecheza naye ni nani, anachukua kofia yake anaondoka. Siku moja mama muuza chai wa mlangoni alinieleza waziwazi, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, huku akishangaa kwamba sijui: "Sanduku moja ni kama sinia moja, dada. Wewe naweka mkono wapi, yeye iko naweka wapi? Mahali moja."

Nililichukulia kuwa tatizo la ufundi. Nikapasha moto chuma cha kulehemu kwenye jiko la mkaa, nikafungua sanduku, nikang'oa swichi zote mbili na kuziunganisha na nyaya ndefu, kila moja ndani ya kikopo chake cha maziwa. Sasa mmoja angeweza kukaa kona hii na mwingine kona ile. Baba mdogo alisimama nyuma yangu akilalamika. "Wewe nasumbua kitu ya watu. Iko nafanya kazi, sasa nakata ya nini?" Nilimwambia asubiri aone.

Akaona. Chumba kilijaa hata dirishani. Watu ambao hawakuwahi kukaa pamoja tangu vita walipigana vijiti kutwa nzima bila kuangaliana. Nilivimba kichwa, nakiri. Na wiki ya tatu aliingia baba yangu, na suti yake ya ofisini, akaketi kona ya mlangoni bila kuulizwa, akaokota kikopo. Kona ya pili alikuwa baba mdogo. Niliwasha televisheni.

Baba alikuwa hodari. Alimshinda mdogo wake siku hiyo, kesho yake akarudi, na kesho kutwa, kila alasiri baada ya kazi. Majirani walinipa mkono wa pongezi. Hata baba mdogo aliniambia sasa karama iko karibu, maana wao wanacheza kila siku, na kupatana ni nini kama si hivyo? Niliamini. Nilianza kuulizia bei ya mbuzi.

Baada ya miezi miwili nilimsindikiza baba hadi barabarani, nikamuuliza tumfanyie nyanya karama lini. Aliniangalia kwa upole, jambo lililonitisha kuliko kama angekasirika. Akasema, "Biniya, binti yangu, mimi nacheza na televisheni. Pale ndani sichezi na mtu."

Nilirudi nikakaa kwenye benchi nikawatazama wateja wangu kana kwamba nawaona kwa mara ya kwanza. Hakuna aliyesema na mwenzake. Kabla sijakata sanduku, waliothubutu kukaa bega kwa bega walikuwa wakitaniana, wakisukumana, wakiulizana habari za watoto. Sasa kila mtu alikuwa na kona yake na kikopo chake, akimpiga adui bila kuona uso wake. Nilikuwa nimewapa njia ya kugombana raha mustarehe, wasihitaji kupatana tena. Nililia palepale, na muuza chai akaniletea chai bila kuniuliza.

Jumapili baada ya kanisa nikapasha chuma tena. Nilikata nyaya, nikarudisha swichi kwenye sanduku, nikalehemu kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika.

Jumatatu wateja walisimama mlangoni, wakaangalia, zaidi ya nusu wakaenda zao. Baba alikuja saa zake. Aliliona sanduku katikati ya benchi, akauliza zile nyaya zimeharibika? Ningeweza kusema ndiyo. Nilisema, "Hapana, Baba. Nimezikata mwenyewe." Akafunga kifungo cha koti lake akatoka.

Hakuja wiki hiyo, wala iliyofuata, wala mwezi mzima. Baba mdogo alikuwa akirudi kutoka uwanja wa ndege anakaa nusu ya benchi, peke yake, anazungusha swichi moja huku nukta ikimpita upande wa pili ambako hakukuwa na mtu. Nilijiambia nimeua biashara, na karama nayo nimeiua. Katika miaka yangu yote ya kuongoza watu sijawahi tena kufanya uamuzi uliofukuza wateja kiasi kile, na nimeshakaa na mabwana wa hesabu ambao wangenifukuza kazi kwa robo yake.

Kisha alasiri moja baba akaingia. Hakuwa na koti. Baba mdogo alikuwa bado hajafika kutoka kazini, na chumbani tulikuwa mimi na wateja wawili tu. Baba aliketi kwenye benchi, upande wa kushoto, akaweka mkono juu ya swichi, akangoja. Wale wawili walinitazama. Niliwapungia mkono watoke.

Umeme wa mji ukakatika, kama ilivyokuwa kawaida yake. Televisheni ikazimika. Nilidhani ataondoka, lakini hakuondoka. Alikaa akitazama kioo cheusi hadi baba mdogo alipotokea mlangoni, vumbi la mizigo begani. Baba mdogo alimwona, akaniangalia mimi, nami nikaangalia chini. Akaja akaketi upande wa kulia. Benchi lile lilikuwa fupi, viwiko vyao vikagusana. Akaweka mkono wake kwenye swichi yake, na wakakaa hivyo, wanaume wawili wazima mbele ya mchezo usiowaka.

Baba ndiye aliyeanza, kwa lugha ya nyumbani, ambayo sikuwa nimemsikia akiitumia tangu turudi. Bado alikuwa akitazama kioo.

"Mama alisema nini mwisho?"

Baba mdogo naye akakitazama kioo. "Hakusema mengi. Tulikuwa tumemletea uji. Alikataa kunywa, akauliza kama wewe umekula."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia umekula. Ndipo akanywa."

Baba aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa sanduku. Mabega yake yalikuwa yakitikisika, na mdogo wake hakumshika wala hakusogea, alibaki tu palepale, bega lake likiwa chini ya bega la kaka yake. Baada ya muda, baba mdogo akanigeukia na kusema kwa Kiswahili chake cha Uganda, "Wewe mtoto, nasimama ya nini? Huyu hajakula."

Nilikimbia kwa muuza chai. Alikuwa na kisra, ile mikate myembamba ya mtama, na mchuzi wa bamia, akaanza kupakua kwenye sahani mbili. Nikamwambia atoe sinia.